Kipanya cha kompyuta: aliyekibuni hakuvuna faida

Wakazi wa Temeke na Kinondoni walipotaja kipanya katika miaka ya 1990, wengi walikuwa na maana ya daladala, ile Hiace ndogo ya kubanana. Siku hizi jina hilo ni la bidhaa ya dukani, na anayetaka kuweka fedha zake katika vifaa vya kompyuta yafaa aijue historia yake, kwani imekwishawaachia watu hasara.

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa California, Marekani, mwaka 1964. Wazo lilikuwa la Douglas Engelbart, na aliyekiunda ni mwenzake Bill English: kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili na kitufe kimoja. Kilionyeshwa hadharani San Francisco, Desemba 9, 1968, na hataza ikatolewa mwaka 1970. Lakini hataza hiyo ilikuwa mali ya taasisi iliyomwajiri, nayo ikaisha muda wake mwaka 1987, soko likiwa ndiyo kwanza linachangamka. Engelbart hakupata mrabaha wowote.

Waliovuna ni waliopunguza gharama. Xerox ilikuwa na kipanya kwenye kompyuta yake ya Alto tangu mwaka 1973, ila kilikuwa cha bei mbaya, mamia ya dola. Apple ikaagiza kisanifiwe upya kiwe rahisi, na kwa Macintosh ya mwaka 1984 kikamfikia mnunuzi wa kawaida. Logitech, iliyoanzishwa Uswisi mwaka 1981, ilitangaza mwaka 2008 kwamba imetengeneza kipanya chake cha bilioni moja.

Sisi tulichelewa. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Biashara hii ilishamiri Dar es Salaam baada ya soko huria.

Hapa ndipo mwenye duka la Tandika au Manzese afungue macho. Vipanya vya zamani vilikuwa na kigololi tumboni, na vumbi letu lilikijaza uchafu hata mshale ukagoma kutembea. Mwaka 1999 Microsoft ilitoa kipanya cha kutumia mwanga, kisicho na kigololi, na bidhaa ya zamani ikaanza kulala kwenye rafu. Plagi nazo zikabadilika: ile ya duara ya PS/2, iliyoanza mwaka 1987, imepisha USB. Ukiuziwa mzigo wa jumla kwa bei ya kutupa, tazama plagi kwanza.

Tishio lililopo ni simu ya kugusa kwa kidole, isiyohitaji kipanya kabisa. Wateja waliobaki ni ofisi, shule na wenye steshenari wanaochapa barua na kadi za harusi kutwa nzima. Hao hununua kinapoharibika, kimoja kimoja, kwa hiyo usijaze stoo. Kwa visivyo na waya, fungua boksi uhakikishe kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta kimo, maana kikikosekana, kipanya hicho hakiuziki.