Amana kwa Jirani: Maneno na Desturi za Kupokeleana Mizigo

Katika maneno yaliyotoka Arabuni yakakaa katika Kiswahili hata yasihesabiwe tena kuwa mageni, neno amana ni mojawapo. Shina lake ni moja na la amini, imani, mwaminifu na amani. Katika vinywa vya watu wa pwani maana yake ni kitu cha mtu kilichowekwa kwa mwingine ili akitunze, asikitumie, kisha akirudishe kile kile. Likikosekana moja katika hayo matatu, jina la amana haliwi tena jina lake halisi, ijapokuwa watu hulitumia.

Yafaa tulitenge na maneno yaliyo jirani yake. Kitu cha kuazima hutumiwa na aliyekiazima, naye ndiye apataye faida. Kwa sababu hiyo, katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, kikiharibika mikononi mwake pasipo kuwa katika matumizi aliyoruhusiwa, hukilipa hata kama hakufanya uzembe. Rehani hushikwa kwa ajili ya deni. Dhamana ni ahadi ya kusimama mahali pa mwingine. Ama mtunza amana hapati kitu. Hatumii, hadai, halipwi. Basi sheria haimtozi kilichopotea ila ikiwa alizembea au alivuka mpaka. Fedha iwekwayo benki huitwa amana za wateja, walakini benki huitumia na kurudisha nyingine ya kadiri ile ile. Wanavyuoni wangesema hiyo ni karadha. Lugha haikuwangoja wanavyuoni.

Vitenzi navyo vyatufundisha. Mtu haombi, “Weka mzigo wangu,” bali husema, “Niwekee mzigo wangu.” Ile e katikati ya wekea yaonyesha ni kwa ajili ya nani. Vivyo hivyo kupokea ni kutwaa kinacholetwa. Kupokelea ni kutwaa kwa niaba ya mwingine. Kupokeza ni kukikabidhi kwa mtu mwingine. Hamali amkabidhiye jirani mzigo amempokeza. Jirani amempokelea mwenye mzigo. Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni ya sarufi tu. Sivyo, kwa kuwa ugomvi wa majirani juu ya mizigo, ukiuchunguza, mara nyingi hutoka hapo: jirani alipokea, lakini je, alimpokelea nani, na kwa neno la nani?

Zamani swali hilo halikuwa zito, maana palikuwa na desturi ya kuaga. Mtu hakutoka mjini kwa safari pasipo kupita kwa jirani. Kijana alibisha hodi, akaamkia, “Shikamoo mama.” Akajibiwa, “Marahaba mwanangu.” Kisha akasema, “Mama, mimi nasafiri. Naomba unitazamie nyumba. Ukija mzigo wangu, uniwekee.” Naye mama akajibu, “Haya baba, nenda salama.” Twaona kama maneno ya adabu tu, kumbe ndani yake mna mapatano kamili: mwenye mali amesema, mtunzaji amekubali. Ufunguo nao ulikabidhiwa papo hapo. Katika mji wa Lamu palikuwa na njia nyingine tena ya ujirani, yaani wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia nyembamba kuunganisha nyumba mbili, hata wanawake wakapita toka nyumba hata nyumba bila kushuka chini.

Vitabu vya fikihi vimeieleza kazi ya mtunzaji kwa urefu kuliko tuwezavyo kuandika hapa. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho makadhi wa pwani walikitegemea sana, imeelezwa kwamba asiyeweza kuhifadhi ni haramu kwake kukubali amana. Awezaye lakini haiamini nafsi yake ni makuruhu. Awezaye na kujiamini ni vizuri akubali. Si lazima atamke kwamba amekubali. Kutwaa kwa mkono kwatosha. Akishaitwaa, asimpe mtu mwingine bila idhini. Akivunja muhuri wake, dhamana ya kulipa imemwingia. Nguo za sufu azianike zipate upepo, zisiliwe na nondo. Akisema, “Nimeirudisha kwa mwenyewe,” au, “Imeibwa,” neno lake hukubaliwa kwa kiapo.

Si Waislamu peke yao waliolifikiri jambo hili. Katika sheria ya Musa, Kutoka mlango wa 22, ametajwa mtu ampaye jirani yake fedha au vyombo amtunzie, na vikaibwa nyumbani mwa yule jirani. Mwizi asipoonekana, mwenye nyumba hana budi kujitakasa mbele ya Mungu kwamba hakutia mkono katika mali ya mwenziwe. Na mfalme Hammurabi wa Babeli, zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, alikuwa mkali zaidi: amana iwekwe mbele ya mashahidi na kwa hati; asiyefanya hivyo, akikanwa, hana dai.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika Tanzania na Kenya barua kwa desturi hazipelekwi mlangoni. Huenda kwenye sanduku la posta, na wengi wasio na sanduku lao hutumia la shule, la kazini, au la ndugu. Kwa hiyo hata barua ya kawaida imezoea kupita mikononi mwa mtu mwingine. Mizigo mingi ya jamaa husafiri kwa basi: mtumaji huandika jina na namba ya simu juu ya boksi au kiroba, hulipa, hupewa risiti, kisha humpigia simu mpokeaji amweleze basi lipi na litafika lini. Toka kituoni hata nyumbani ni kazi ya mwendesha bodaboda. Mwaka 1922 angekuwa hamali au tarishi, mwaka 2022 nyumba za Tanzania zilipewa namba na njia zake majina, kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, lakini mwenye bodaboda hata leo mara nyingi huuliza, “Ni karibu na nini?” Na jibu mara nyingi ni duka, au nyumba ya mtu ajulikanaye.

Basi afika, apiga simu, haipokewi. Mwenye nyumba yuko kazini. Mlango una kufuli. Huyo mchukuzi ana mizigo mingine mitano, na jua li juu. Abisha kwa jirani: “Mama, mzigo wa jirani yako huu, hayupo, nimwachie hapa?” Mama ajibu, “Weka hapo.” Amekwisha kwenda.

Tutazame ni nini kilichotukia. Mwenye mzigo hakusema neno. Asubuhi aliondoka alfajiri pasipo kuaga, kama watu wengi wa mijini waondokavyo. Mtumaji hamjui jirani huyo. Mchukuzi ameutua mzigo wake, na kazi kwake imekwisha. Mama naye hakusema “nitamwekea”. Alisema “weka hapo”, neno ambalo mtu aweza kulisema juu ya ndoo ya maji. Hata hivyo jioni, kiroba kisipoonekana, ni yeye atakayeulizwa. Methali yasema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo unavyoonekana kwa yule aupokezaye haraka. Lakini mama ameachiwa si usufi.

Je, hiyo ni amana? Wanavyuoni wana mfano ambao kwa maoni yetu ndio ulio karibu kabisa na jambo hili, ijapokuwa waliutunga pasipo kufikiri habari za mizigo. Upepo umeipeperusha nguo ya mtu ukaitupa uani mwa jirani. Jirani hakuiomba, wala mwenye nguo hakuiweka. Hata hivyo iko mikononi mwake, naye ni mwaminiwa, si kwa mapatano, bali kwa hukumu ya sheria. Na hapa pana tofauti kubwa. Katika amana ya mapatano, mtunzaji hukaa akingoja. Mwenyewe ndiye ajaye kuidai. Katika nguo ya upepo, mwenyewe hajui iliko, kwa hiyo mwenye kuishika hana ruhusa ya kungoja: airudishe mara moja au ampe mwenyewe habari. Akinyamaza hali aweza kusema, na nguo ikapotea, ameidhamini.

Mwenye bodaboda ndiye upepo wetu. Kwa kipimo hiki jirani hatakiwi kulinda zaidi ya alindavyo vitu vyake, lakini hatakiwi kunyamaza. Aseme siku ile ile. Amtume mtoto, apige simu, au akikutana naye njiani amwambie kabla ya habari nyingine. Na majirani wema, hata wasiosoma chuo chochote, ndivyo wafanyavyo: mwenye nyumba hajatua mkoba wake, sauti yatoka upande wa pili wa ukuta, “Una mgeni wako hapa!” Mzigo kuitwa mgeni ni mzaha mzuri, kwa maana mgeni hakai kwa mtu bila mwenyeji kuambiwa.

Ulaya, ambako Waswahili wengi sasa wana watoto na ndugu, jambo hili limekuwa la kila siku, nalo limelazimisha sheria kusema. Katika Uingereza, mwezi Septemba 2012, shirika la posta la Royal Mail liliruhusiwa kuacha kwa jirani vifurushi visivyopata mpokeaji nchini kote, likiacha kadi mlangoni kueleza viliko. Na asiyependa hubandika kibandiko karibu na tundu la barua kuwa hataki. Kadi ile ndiyo sauti ya upande wa pili wa ukuta, ijapokuwa haina mzaha. Tena sheria ya haki za wanunuzi ya mwaka 2015 yasema kwamba hasara ya bidhaa iliyonunuliwa ni ya muuzaji mpaka ifike mikononi mwa mnunuzi au mtu ambaye mnunuzi mwenyewe amemtaja. Maana yake, kwa kawaida, jirani asiyetajwa na mnunuzi hahesabiwi kuwa mkono wa mnunuzi; kikipotea kwake, mnunuzi ana haki ya kumwendea muuzaji. Ujerumani nako, sheria ya madai, kifungu cha 690, yamtaka atunzaye bure awe na uangalifu ule tu alio nao katika mambo yake mwenyewe.

Watu hawa hawakuulizana, nao wamefika karibu na mahali pamoja. Neno la mwenye mali ndilo liletalo mzigo juu ya jirani, na pasipo neno hilo jirani ni mtu wa hisani. Kwetu, lakini, muuzaji mara nyingi ni shangazi aliyetuma mchele kutoka Kyela, au rafiki aliyetuma ndizi kutoka Bukoba. Hapana wa kumwendea. Hasara hukaa kati ya nyumba mbili, na nyumba hizo zitaishi pamoja miaka mingi. Ndiyo sababu mtu mzima akiambiwa na jirani kwamba mzigo wake umeibwa, huona afadhali kusema, “Si neno, mama, pole kwa usumbufu,” kuliko kumwapisha.

Vyakula vina taabu yao. Boksi la nguo laweza kukaa wiki, samaki hawezi. Jirani apigapo simu asijibiwe, na harufu imeanza, afanyeje? Mwenye busara humpika au humkaanga, akala kidogo na watoto, akaweka sehemu kubwa kwa mwenyewe, na kumwambia wazi. Sijaona alaumiwaye kwa hilo. Lakini afunguaye boksi lililoshonwa au kufungwa kwa gundi, ati atazame kama mna kitu cha kuoza, hujitia katika maneno. Harufu haihitaji kufunguliwa.

Kukataa nako kuna lugha yake. Aonaye kwamba nyumba yake ina watu wengi waingiao na kutoka, au kwamba hawezi kukaa, hasemi “sitaki”, maana hilo humfikia mwenye mzigo kama hiana. Husema, “Baba, mimi natoka sasa hivi, nyumba haina mtu, mpeleke kwa mwenye duka pale.” Mwenye duka hukaa toka asubuhi hata usiku, ana meza na macho ya watu, na katika mitaa mingi ya Dar es Salaam na Mombasa ndiye aliyekwisha kuwa mtunzaji wa mtaa mzima pasipo kuteuliwa na yeyote. Nyumba zenye geti zina mlinzi, lakini huyo yuko kazini, ana mshahara na bwana wake, na hukumu ya ajira si hukumu ya ujirani.

Neno la mwisho ni juu ya kukabidhi. Wazee hawakupenda mzigo urudishwe kwa mkono wa mtoto mdogo, wala usukumwe chini ya mlango. Mtunzaji huutoa mwenyewe, akasema, “Amana yako hii, itazame.” Mwenyewe huutazama mbele yake, fundo na kamba, akajibu, “Nimepokea, ahsante.” Tangu neno hilo “nimepokea”, kitakachoonekana kimepungua si cha kumwuliza jirani tena, ni cha kumwuliza aliyetuma. Na kama ndani mlikuwa embe, mbili tatu hurudi uani kwa jirani siku ile ile, si ujira, kwa maana amana haina ujira, huitwa kionjo.