Maji ya Jirani Yako



Katika Ezekieli 34:18 Mungu anawakemea kondoo wanono. Walikula malisho mema, kisha mabaki wakayakanyaga. Walikunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu. Nyuma yao walikuwako kondoo wengine wenye kiu.

Ndugu zetu wa Kwale, toka Tiwi na Diani hata Msambweni, wanaishi juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Mvua inyeshayo shambani hupenya chini ikawa maji ya kisima. Visima vya Tiwi huwanywesha hata watu wa Diani. Lakini uchafu wa choo nao hupita njia hiyo hiyo; na maji yakivutwa kupita kiasi, bahari huingia kisimani.

Ndiyo maana sheria ya mwaka 2019 yataka anayegeuza shamba kuwa hoteli au ploti za nyumba apate kwanza kibali cha kaunti. Mtu husema, "Nilegezewe mimi tu, shamba ni langu." Kweli, shamba ni lake. Lakini maji yaliyo chini yake hayajui mpaka.

Msikilizaji, siku ombi kama hilo litakapotangazwa kwenu, usinyamaze. Uliza: Choo kitachimbwa wapi? Kisima cha jirani kiko umbali gani? Na kama mwombaji ni wewe, jiulize hayo mbele za Mungu.

Bwana atujalie kunywa pasipo kuvuruga. Amina.