Mshtarii, Pishi ya Mbinguni

Chukua kalamu uandike 1,898, halafu uongeze sifuri 24. Hizo ndizo kilo za Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote katika mfumo wa Jua. Umemaliza kuandika, lakini umeelewa nini? Hata wanaastronomia sifuri hizo haziwasaidii sana. Kazini kwao husema kwa ufupi: Mshtarii ni Dunia 318.

Mtu anaweza kudhani wanakwepa tu kuandika sifuri nyingi. Sivyo. Angani uwiano ndio unaotangulia. Kilo hufuata nyuma, tena hufika ikiwa na kasoro.

Tupige hesabu wenyewe. Sayari yenye tungamo kubwa huuvuta mwezi wake kwa nguvu zaidi, na mwezi huo hulazimika kwenda mbio usije ukaanguka. Kwa hiyo ukijua mwezi uko umbali gani na huzunguka kwa siku ngapi, sayari umeshaipima. Kalisto, mmoja wa miezi ya Mshtarii, uko mbali na sayari yake mara 4.9 ya umbali uliopo kati ya Dunia na Mwezi wetu. Mwezi wetu huzunguka kwa siku 27.3, Kalisto huzunguka kwa siku 16.7. Zidisha 4.9 kwa 4.9, kisha tena kwa 4.9: unapata 117.6. Gawanya 27.3 kwa 16.7, na jibu lake ulizidishe kwa lenyewe: 2.67. Zidisha majibu hayo mawili: 314. Zile 4 zilizopungua zimekwenda wapi? Hesabu yetu imeipima Dunia pamoja na Mwezi wake, ambao ni 1/81 ya Dunia. Mwezi ukiuondoa kwenye kipimo, unafika 318.

Humo hakuna kilo hata moja iliyoingia. Ndivyo alivyofanya Isaac Newton: katika toleo la 1726 la kitabu chake Principia, aliandika kwamba Mshtarii ni 1/1067 ya Jua. Leo tunasema 1/1047. Alikaribia hivyo wakati kilo yenyewe ilikuwa haijabuniwa.

Njia ya kupata kilo ilifunguka mwaka 1798 mjini London. Henry Cavendish alining'iniza kwenye waya fimbo yenye vigololi viwili vya risasi, akasogeza karibu nayo matufe makubwa ya risasi yenye kilo zipatazo 158 kila moja, kisha akatazama waya unavyojisokota kidogo sana. Kwa msokoto huo aligundua kwamba Dunia ni nzito karibu mara 5.5 kuliko maji ya ujazo uleule; ukijua ujazo wa Dunia, kilo zake umeshazipata. Lakini mvutano ni nguvu dhaifu mno kuipima maabarani. Hadi leo namba yake isiyobadilika, ile ile ulimwenguni kote, tunaijua kwa tarakimu kama tano tu, ilhali mvuto wa Dunia juu ya satelaiti zake unajulikana kwa usahihi mkubwa zaidi ya huo. Kila ukigeuza hesabu ya anga kuwa kilo, usahihi unavuja. Ndiyo maana mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubaliana viwango vya mvuto vya Jua, Dunia na Mshtarii vya kutumiwa na wote, badala ya kilo.

Linabaki suala la kuchagua kipimo. Shehena ya jahazi haipimwi kwa kibaba, wala chumvi ya mchuzi haipimwi kwa pishi. Angani kibaba ni Dunia, pishi ni Mshtarii, na shehena ni Jua. Neptuni ni Dunia 17, Zohali ni 95. Mirihi ni karibu 0.11 ya Dunia. Ukiipima kwa Mshtarii inakuwa 0.0003, namba isiyoshikika.

Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wakiwa kwenye darubini kusini mwa Ufaransa, waliona nyota 51 Pegasi ikiyumba kila baada ya siku 4.2. Kitu kilichoiyumbisha kilikuwa sayari ya angalau karibu nusu ya Mshtarii. Neno "angalau" lina kazi yake: tunaona nyota ikitujia na kurudi, hatuoni inavyokwenda kando, kwa hiyo sayari yaweza kuwa nzito zaidi. Pishi hiyohiyo ndiyo inayochora mipaka. Kitu kikifika kama Mshtarii 13, huanza kuchoma deuteri, ile hidrojeni nzito. Kikifika kama 80, huwasha hidrojeni ya kawaida, nacho ni nyota kamili.

Tahadhari moja: pishi hii ni ya uzito, si ya ukubwa. Mshtarii ungemeza zaidi ya Dunia 1,300, lakini uzito wake ni wa 318 tu, kwa sababu umejaa hidrojeni na heliamu. Gunia la pumba na gunia la maharage hujaa sawa, ila mbebaji anajua tofauti yake.

Mshtarii ukionekana usiku, tafuta darubini ndogo ya mkono, uiegemeze ukutani isitikisike. Kalisto ni nukta inayofika mbali zaidi pembeni. Chora ilipo kila usiku. Baada ya usiku 17 itakuwa imerudi ulikoikuta, nawe utakuwa na nusu ya hesabu ya Newton kwenye daftari lako.