Bwawa la samaki Bukavu: kwanza tazama anayeishi chini yako

Mtu akinijia kutaka bwawa la samaki nyuma ya nyumba yake hapa Bukavu, huanza na ukubwa: mita ngapi kwa ngapi, samaki wangapi. Mimi humwuliza kwanza ni nani anayeishi chini yake. Mji wetu umekaa kwenye miteremko. Parseli nyingi za Kadutu, Bagira na hata Ibanda zimepandana kama ngazi, paa la mmoja likiwa usawa wa mlango wa mwingine. Ukichimba shimo kwenye ngazi hiyo na kulijaza maji, umemtwika jirani mzigo bila kumwuliza.

Tupige hesabu ya mzigo huo. Bwawa dogo la mita 5 kwa 8, lenye kina cha wastani cha sentimita 80, huchukua mita za ujazo 32. Hizo ni lita 32,000, yaani bido 1,600 za lita 20, na uzito wake ni tani 32. Maji ya bwawa la udongo hayatulii yote mahali pake: mengine hupenya chini, na udongo ulioshiba maji kwenye mteremko hupoteza nguvu ya kujishikilia. Sehemu kadhaa za mji huu zimejengwa juu ya maporomoko makubwa ya zamani. Lile la Funu, kule Kadutu, wanajiolojia wamelichunguza na kukuta bado linasogea. Na hakuna kwetu aliyesahau Mei 2023, maji na mawe yaliposhuka Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, na kuua watu zaidi ya 400. Maafa yale hayakutokana na bwawa la mtu, lakini yalituonyesha mteremko wa Kivu unavyofanya maji yakizidi.

Kwa hiyo mwenye parseli mlimani namshauri asichimbe bwawa la udongo. Kinachomfaa ni kibwawa cha turubai zito, mita 2 kwa 3, kina nusu mita, mahali tambarare palipo mbali na ukingo. Kinaweza kujazwa na maji ya paa: mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya bati la mita 60 za mraba inatoa karibu lita 600. Hapo utaweka samaki wachache, na maji yake mazito utamwagilia lengalenga na vitunguu. Wengine hupendelea sementi. Sementi ni nzuri mpaka ardhi itikisike, kama ilivyotikisika tarehe 3 Februari 2008; turubai hukunjika na ardhi, lakini ukuta mwembamba wa sementi hupasuka.

Bwawa lenyewe, lile wengi wetu tunaloliita etangi, makao yake ni bondeni. Na familia nyingi za Bukavu zina bonde: shamba la ukoo Nyangezi, Kabare, Walungu au Katana, nyuma ya nyumba ya koko, ambako maji ya chemchemi hupita mwaka mzima na udongo ni wa mfinyanzi. Nikisema bwawa la nyumbani, ninafikiria zaidi uwanja huo kuliko ua wa mjini.

Nchi hii ina historia ndefu ya mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Kongo ilikuwa na mabwawa ya samaki zaidi ya 100,000, mengi yakiwa yamechimbwa kwa msukumo wa utawala wa Kibelgiji. Baada ya uhuru mengi yaliachwa yakaota nyasi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja inatuhusu bado: mtu aliyechimba kwa kuamriwa hakuona bwawa kuwa lake, na alipoona samaki wake wamedumaa hakuwa na wa kumwambia kwa nini. Mradi wa Pisciculture Familiale, uliofanywa Zaire miaka ya 1970 na 1980 pamoja na vijana wa Peace Corps wa Marekani, ulianza upande mwingine. Ulianza na mkulima mmoja na nyumba yake. Nami naamini huko ndiko kwa kuanzia.

Sasa kazi. Watu hudhani kazi kubwa ni kuchimba. Kuchimba ni nusu tu, kwa sababu bondeni bwawa linachimbwa nusu na kujengwa nusu: udongo unaotoka shimoni ndio unaopandisha matuta. Kazi inayoamua kama maji yatakaa ni kushindilia, na hapo ndipo ukoo mzima unapohitajika. Kwanza ondoeni nyasi, mizizi na udongo mweusi wa juu mahali tuta litakapokaa. Mzizi uliozikwa ndani ya tuta huoza, na njia yake huwa mfereji wa maji. Nimeona matuta mazuri kwa macho yakivuja mwaka wa pili kwa sababu hiyo peke yake, na hakuna tiba ila kubomoa. Halafu chimbeni mtaro wa upana wa nusu mita katikati ya msingi wa tuta, muujaze udongo wa mfinyanzi uliolowanishwa kidogo. Juu yake pandisheni tuta kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka ishindiliwe kabla ya nyingine kuwekwa.

Kigogo cha kushindilia kinatosha, lakini miguu ni bora. Iteni salongo ya ukoo siku ya Jumamosi: baba mdogo na vijana kwenye chepeo na toroli, mama na mashangazi kwenye ndoo, watoto juu ya tuta wakikanyaga na kuimba kutoka ncha hii hadi ile. Mtoto wa miaka minane hawezi kuchimba mfinyanzi, lakini mguu wake mdogo hubonyeza pale kigogo kisipofika. Upana wa juu wa tuta uwe mita moja, na upande wa ndani ulale: kwa kila mita ya kimo, mita 2 za kulala. Tuta lipite maji kwa sentimita 30, na mwongeze kidogo kwa sababu udongo hukaa chini.

Msiingize kijito kizima bwawani. Chukueni maji kwa mfereji mdogo wenye kizuizi, yaingie kwa bomba au mwanzi uliowekwa wavu, juu ya usawa wa maji. Upande wa pili wekeni bomba la kutolea ziada, na mfuate njia yake hadi mwisho kwa miguu yenu. Isielekee mlangoni kwa mtu.

Kuhusu samaki, tilapia ndiye rafiki wa familia, lakini asisifiwe kwa uongo. Anakua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Uvira, kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, hilo linapatikana kwa urahisi. Sisi tuko karibu mita 1,500, na maji ya bonde yenye kivuli huwa baridi. Miezi sita ya kumkuza inayotajwa vitabuni huku haitoshi. Ondoeni kivuli cha migomba upande wa mashariki, msipitishe maji mengi ya chemchemi bila sababu, na mwe na subira. Wekeni vifaranga 2 kwa kila mita ya mraba, yaani 80 kwa bwawa la mita 5 kwa 8. Wakianza kuzaa watajaza maji wenyewe, kwa kuwa mama hulinda mayai na watoto kinywani. Hapo ndipo samaki wa ukubwa wa kidole huanza, wengi na wembamba. Kila wiki watoto wavue wadogo kwa kikapu, waende chunguni kama sambaza wa ziwani.

Vifaranga vitoke kwenye bwawa la jirani au chanzo cha humu humu. Sambaza mwenyewe aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na ametulisha tangu hapo, lakini ziwa hili lina furu wasiopatikana popote pengine duniani, na bwawa likivunjika, samaki wa kigeni wanaweza kuishia humo.

Chakula kikuu cha samaki ni maji ya kijani. Jengeni kizimba cha vijiti pembeni mwa bwawa, mkitie majani, maganda ya ndizi na mbolea ya dende na sungura. Ingizeni mkono majini: kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, rangi inatosha. Kikipotea mapema zaidi, acheni mbolea. Asubuhi mkiona samaki wanahema juu ya maji, ongezeni maji mapya siku hiyo hiyo.

Kuna jambo moja sikubali kulifanyia mjadala. Kina cha kiuno cha mtu mzima ni kina cha kifo kwa mtoto wa miaka miwili. Uzio wa matete wenye mlango unaofungwa ujengwe kabla ya maji kuingia. Nyasi za kingoni zikatwe kila wiki, maana tilapia hula viluwiluwi vya mbu anavyovifikia, lakini vilivyojificha nyasini havifikii, na konokono wanaobeba kichocho hupenda hapo hapo.

Na kabla ya yote hayo, jaribuni udongo. Chimbeni shimo la kina cha kiuno pale mnapokusudia, mlijaze maji asubuhi. Jioni yatakuwa yamepungua. Jazeni tena, mfunike kwa majani ya migomba, mkalale. Asubuhi maji mengi yakiwa bado yapo, udongo unashika. Yakiwa yamekwenda, tafuteni mahali pengine, hata kama pale pa kwanza ndipo babu alipopenda. Jaribio lifanyeni Juni, ardhi ikiwa imekauka. Mvua hurudi Septemba, na tuta lisiloshindiliwa kabla yake litaondoka nayo.