Intaneti ya leza na ukungu wa Kilimanjaro

Simu ikionyesha mtandao umejaa lakini picha haifunguki, mara nyingi kikwazo kiko nyuma ya mnara, kwenye njia inayobeba data za eneo zima hadi kwenye mkongo wa mawasiliano. Mjini Moshi njia hiyo yaweza kuwa faiba iliyofukiwa ardhini. Kwenye miteremko ya Kibosho au Old Moshi, ambako makorongo hayaishi, kuchimba mtaro ni gharama kubwa, na dishi la maikrowevu ndilo kimbilio.

Ipo njia nyingine: mwanga kama ule wa ndani ya faiba hupitishwa hewani. Kifaa kilicho mnarani hurusha mwale wa leza usioonekana kwa macho, na kingine huupokea ng'ambo. Mwale ni mwembamba mno. Mnara ukitikiswa na upepo, vioo vya ndani huurudisha mwale kwenye shabaha. Mwaka 2021, mradi wa Taara wa kampuni ya Alphabet ulieleza jinsi ulivyounganisha Brazzaville na Kinshasa hivyo, kilomita 4.8 juu ya Mto Kongo, kwa kasi ya hadi gigabiti 20 kwa sekunde. Faiba ingezunguka zaidi ya kilomita 400.

Kilimanjaro ina mtihani wake. Mvua kubwa huyasumbua zaidi maikrowevu ya masafa ya juu; leza huangushwa na ukungu, kwa kuwa vitone vyake vidogo hutawanya mwanga kila upande. Chukua asubuhi ambayo huoni kitu kilicho mbele ya mita 200. Mwale ukishakwenda mita hizo, hubaki takriban asilimia 2 tu ya mwanga wake. Kwenye mita 400 hubaki sehemu 4 kati ya 10,000. Kwenye kilomita moja, kama sehemu 3 kati ya bilioni. Hata leza yenye nguvu mara mia haifui dafu.

Upande wa kusini wa mlima, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa na kufanya mawingu kwenye ukanda wa msitu, takriban mita 1,800 hadi 2,800. Kambi ya Horombo, mita 3,720, ambako shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti Agosti 2022, mara nyingi iko juu ya mawingu. Hata hivyo, mwale kutoka Moshi ungelazimika kuyapenya ndipo ufike.

Kwa hiyo mahali pa leza ni chini: kuvuka korongo migombani, au kutoka mjini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC. Hata huko iwe na maikrowevu pembeni, ukungu ukishuka data zenyewe zihamie kwenye mawimbi hayo. Halmashauri ikiletewa mitambo hii, isianze na swali la kasi. Iulize kwanza: kwenye njia hii hasa, ukungu ulikaa saa ngapi mwaka mzima, na nani aliupima?