Bustani ya Shule Katika Ukanda wa Ziwa Tanganyika

Bustani ya shule ni kipande cha ardhi kinacholimwa na wanafunzi chini ya uangalizi wa mwalimu, na thamani yake kielimu hutegemea kama kinachofanyika kwenye tuta hurudishwa ubaoni kikapimwa, kikaelezwa na kuandikwa, au hukomea kwenye jembe. Mwezi Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba au shughuli nyingine za uzalishaji, lakini alitaka vilevile wanafunzi washiriki kupanga kazi hizo, watunze hesabu zake na waelewe sababu ya kila wanachokifanya. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyosahaulika mahali pengi, hata shamba la shule likawa kibarua na jembe likawa adhabu ya mchelewaji. Mtoto anayelimishwa kwa kuwa amekosa hujifunza kuuchukia udongo, na hasara hiyo si ndogo.

Mkoani Kigoma, mwalimu anayetaka kuirejesha maana ya awali hana haja ya kutafuta mifano mbali. Kuanzia Mwanga hadi Ujiji, chakula cha kila siku ni ugali wa muhogo, maharage, dagaa, migebuka na mboga zilizoungwa kwa mawese, yaani mafuta mekundu ya michikichi, na kila kimoja kati ya hivyo ni mada kamili ya sayansi. Wekundu wa mawese hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kinga ya mwili, na ndiyo maana mpishi anayeyachoma mafuta hayo hadi yapoteze rangi huwa ameipoteza pia faida hiyo. Dagaa naye, kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa, humpa mtoto protini na madini ya kalsiamu ambayo ugali wa muhogo, ulio na wanga mwingi na protini kidogo mno, hauwezi kumpa.

Muhogo wenyewe unastahili kipindi kizima. Mizizi na majani yake yana kemikali ambazo, tishu za mmea zikipondwa, huachilia sianidi, ambayo ni sumu, na aina chungu huwa nayo nyingi zaidi kuliko tamu. Kuloweka muhogo kwa siku kadhaa na kuuanika juani, au kutwanga kisamvu kisha kukichemsha vya kutosha, huipa sumu hiyo nafasi ya kutoka. Akina bibi wa Kigoma wameyafanya hayo kwa ustadi miaka yote, kwa hiyo mwalimu makini huwaheshimu kwa kumwuliza mwanafunzi hatua zinazofuatwa nyumbani kwao kabla ya kueleza kemia yake.

Kwenye bustani, kazi inaweza kuanza na chupa angavu iliyotiwa udongo na maji, ikatikiswa na kuachwa itulie: mchanga hushuka kwanza, tope laini hukaa juu yake, mfinyanzi hufuata polepole, na mabaki ya mimea huelea. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 hutoa hesabu ya eneo na ya nafasi kati ya miche. Mchicha, ambao huweza kuchumwa baada ya takriban wiki 3 hadi 4, humwonyesha mwanafunzi mzunguko mzima ndani ya muhula mmoja, jambo ambalo muhogo hauwezi.

Miteremko inayoelekea ziwani hufundisha lingine, kwani matuta yaliyochimbwa kufuata mteremko husombwa na mvua, wakati yaliyokingama huzuia udongo. Uharibifu wa ardhi wa namna hiyo ndio uliosababisha Taasisi ya Jane Goodall kuanzisha mradi wa TACARE mkoani humo mwaka 1994, ikiwashirikisha wanavijiji katika upandaji miti.

Tatizo kubwa la bustani hizi ni likizo ya katikati ya mwaka, ambayo huangukia kiangazi, wakati ambapo mboga zisipomwagiliwa hukauka. Mwalimu hana budi kulipanga hilo mapema pamoja na wanafunzi na wazazi, kwa kugawa zamu za kumwagilia kwa familia zinazoishi jirani, ambazo nazo, kwa haki, zichume mboga hizo na kuzila, mradi mavuno yote yaandikwe katika daftari la darasa.