Mkoba wa Fahari Utamwuzia Nani?
Malipo ya kahawa yapatikanapo Karagwe na Kyerwa, wako wauzaji wamwambiao mama: "Nunua mkoba huu wa fahari, ukikwama utauuza." Kweli, huko Ulaya mkoba wa Birkin, uliobuniwa na kampuni ya Hermès ya Ufaransa mwaka 1984, huweza kuuzwa tena kwa bei kuliko ya dukani, maana wautakao ni wengi na mikoba ni michache. Lakini Kayanga au Nkwenda utamwuzia nani? Tena mwenye shida hapangi bei. Aliyewahi kuuza kahawa ingali mtini, kwa butura, anajua. Upende mkoba kwa ngozi na mshono wake, uubebe hadi uchakae. Fedha ya sare na madaftari inunulie mbuzi. Siku ya gulio hakosi mnunuzi.